Sumu ndogo ndogo zinazovuka Ruvuma

Maji yanapokupwa wakati wa bamvua katika ghuba ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado, bahari hurudi nyuma mbali na kuacha uwanda mpana wa mchanga na majani ya bahari. Huo ndio wakati wa kina mama kushuka. Wawili wawili, wengine wakifuatwa na watoto, huingia maji ya magoti wakishika ncha za kitambaa na kukikokota taratibu kuelekea pwani. Kazi hiyo inaitwa kutanda, na wanawake wa Mtwara wanaoifanya upande wa pili wa mpaka wanaiita hivyohivyo. Zamani kilichotandwa kilikuwa kanga au shuka kuukuu, na kilichotafutwa kilikuwa uduvi. Siku hizi mara nyingi ni chandarua.

Chandarua hicho kilikuja kwa ajili ya malaria. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya wavuvi vya Palma katika muongo uliopita walikuta matumizi ya vyandarua kwa uvuvi yameenea katika ukanda huo, kama yalivyoenea katika nchi nyingi za joto ambako chandarua hugawiwa bure na nyavu halali ni ghali. Lawama iliyozoeleka ni ya matundu: madogo mno, hukusanya vifaranga vya samaki kabla havijakua wala kuzaa. Lawama hiyo ina ukweli, na kila anayenunua dagaa na samaki wadogo wa kukausha ameona ndani ya gunia aina za samaki ambazo zingestahili kuuzwa kwa kilo zikiwa kubwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni dawa iliyomo ndani ya uzi wenyewe.

Vyandarua vya kisasa vimetiwa viuadudu vya jamii ya pairethroidi. Ni sumu zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga ile inayopatikana katika maua ya pareto, zao ambalo wakulima wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania wanalifahamu vizuri. Kwa binadamu na mifugo, pairethroidi kwa kipimo cha chandarua si hatari kubwa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeruhusu mtoto mchanga alale chini yake. Kwa viumbe wa majini mambo ni tofauti kabisa. Deltamethrini, mojawapo ya dawa zinazotumika zaidi, huweza kuua samaki wadogo ikiwa katika kipimo cha gramu moja tu ndani ya lita milioni moja za maji. Kamba, kaa na uduvi huathirika hata zaidi, kwa sababu hao kwa asili yao ni ndugu wa wadudu kuliko ndugu wa samaki. Dawa iliyotungwa kumuua mbu haiwezi kumtambua uduvi kuwa si mbu.

Chandarua kipya cha watu wawili chenye deltamethrini hubeba karibu gramu moja ya dawa hiyo. Haitoki yote kwa mkupuo. Imefungwa katika nyuzi ili ivumilie kufuliwa mara 20 na kudumu miaka mitatu hivi. Hata hivyo kila kukokotwa kwenye mchanga na kila kufuliwa huondoa kiasi. Bahari ni kubwa na maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba vyandarua peke yake vinaua ghuba. Ila pairethroidi haina tabia ya kuelea na kuondoka. Hushikamana na tope. Ndani ya maji yenye jua huvunjika kwa siku chache, lakini kwenye matope huweza kubaki wiki nyingi, na matope ya mikoko na vijito ndipo kamba na kaa wanapolelewa.

Ni rahisi kuwanyoshea kidole kina mama wa kutanda. Wao ndio wanaoonekana. Lakini chandarua ni kipande kimoja tu cha mzigo unaoingia katika maji ya pwani hiyo, na sehemu kubwa ya mzigo huo imepita mikononi mwa wafanyabiashara.

Biashara kati ya Mtwara na kaskazini ya Cabo Delgado ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Hata mstari wa mpaka umewahi kuhama: Kionga, mji mdogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma, ulikuwa chini ya Wajerumani wa Tanganyika hadi Wareno walipouchukua mwaka 1916, na mikataba ya baada ya vita ikawaachia. Ndugu wa Kimakonde na Kimwani wako pande zote, na Kiswahili ndicho kinachofanya biashara. Kutoka Mtwara huvuka unga, sukari, vitenge, saruji, mabati, sabuni ya unga, vipuri vya pikipiki, dawa za mikorosho. Kutoka kusini huja samaki wakavu, pweza, kamba. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kisha shambulio la Palma la Machi 24, 2021, vilikata njia hizo na kuzifungua na kuzikata tena. Lakini kila njia inapofunguka, bidhaa za kwanza kurudi ni zilezile.

Chukua sabuni ya unga. Mji wa Palma na vitongoji vyake ulipokea maelfu ya waliokimbia makwao, wengi wakijazana Quitunda karibu na Afungi. Watu wengi, visima vichache vifupi vilivyochimbwa kwenye mchanga na jiwe la tumbawe, na nguo za kufua. Wanafulia kijitoni au kando ya kisima. Sabuni hizo zina viambata vinavyoondoa mafuta kwenye nguo, na kwenye mashavu ya samaki mdogo huondoa ule ute unaomkinga. Nyingi zina fosfeti pia, na fosfeti ni mbolea. Kijito kinachopata mbolea kila siku huota mwani wa kijani unaoteleza, unaofunika majani ya bahari na kuyanyima mwanga, na ukioza hunyonya hewa ya majini.

Dawa za mikorosho zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu zina sifa mbaya isiyostahili upande mmoja na sifa nzuri isiyostahili upande mwingine. Inayojulikana zaidi ni salfa, unga wa njano unaopulizwa dhidi ya ubwiriunga kati ya Juni na Septemba, wakati mikorosho inapotoa maua. Harufu yake hujaa vijiji vizima na watu huiogopa. Lakini salfa si sumu kali kwa samaki. Tatizo lake ni la polepole: mwaka baada ya mwaka hutia udongo tindikali, jambo ambalo watafiti wa Naliendele huko Mtwara wamelifuatilia kwa muda mrefu. Ya kuogopwa zaidi baharini ni ile chupa ndogo isiyonuka sana, ya dawa ya kuua mbu wa mikorosho. Nyingi kati ya hizo zina lambda-sihalothrini, nayo ni pairethroidi, jamii ileile ya kwenye chandarua, isipokuwa hapa imo katika maji, imekolezwa, na huuzwa kwa lita.

Mkulima akimaliza kupuliza husuuza bomba lake. Wapi? Penye maji. Kisha chupa au dumu lililobaki tupu linakuwa mali. Dumu la lita tano lina bei kokote katika ukanda huu, na lile la lita 20 lina bei zaidi. Litabeba maji ya kunywa, mafuta ya kula, petroli ya mashua, au asali. Hapa ndipo mfanyabiashara anapoingia waziwazi, kwa sababu kuna wanaokusanya madumu matupu mashambani na kuyauza sokoni, na anayeyanunua haulizi yalibeba nini. Kusuuza mara moja hakutoshi. Kanuni inayofundishwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ni kusuuza mara tatu, kila maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya bomba la kupulizia na kupulizwa shambani, halafu dumu litobolewe ili lisitumike tena. Kutoboa dumu zima kunamuuma mtu aliyezoea kuhesabu senti, na hilo linaeleweka. Lakini dumu hilo likisuuzwa mtoni ili liuzwe, mto ndio unaolipa.

Na mto wenyewe si wa kijiji kimoja. Ruvuma huanzia kwenye milima ya Matogoro nje kidogo ya Songea, hupita kando ya mashamba ya mahindi, tumbaku na korosho, hupokea Lugenda kutoka Niassa, na baada ya karibu kilomita 800 humwaga maji yake baharini kati ya Kilambo na Namoto. Zaidi ya nusu ya bonde lake liko Msumbiji, sehemu kubwa ya iliyobaki iko Tanzania, na kipande kidogo kiko Malawi. Mbolea iliyowekwa Songea na dawa iliyopulizwa Masasi hulala kwenye udongo kiangazi chote. Mvua za kwanza za Desemba ndizo zinazokokota vyote kwa pamoja. Wavuvi wa mdomo wa mto wanajua rangi ya maji hayo.

Mikoko ya mdomo wa Ruvuma hufanya kazi ya chujio. Mizizi yake hupunguza mwendo wa maji, tope linatua, na sehemu ya sumu inatua nalo. Boriti zinazokatwa humo kwa ajili ya kuezeka, pande zote mbili, ni vipande vya chujio hilo. Kwa bei ya boriti hakuna anayeliingiza hilo kwenye hesabu.

Kuna jambo moja la bahari ambalo wafanyabiashara wa Mtwara na Kilwa wangefaidika kulijua vizuri zaidi. Mkondo mkubwa wa maji unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, chini kidogo ya ikweta, hufika Afrika na kugonga pwani karibu kabisa na rasi ya Cabo Delgado. Hapo unapasuka. Sehemu moja hugeukia kusini kuingia mlango wa Msumbiji. Nyingine hugeukia kaskazini, na hiyo ndiyo inayopita Mtwara, Lindi, Kilwa, Mafia na Zanzibar, kaskazi na kusi. Mayai na vifaranga vya samaki na kamba wanaozaliwa upande wa Palma huweza kuchukuliwa na maji hayo kwenda kukua Tanzania. Vitu vingine vinavyoelea huchukuliwa vilevile. Mpaka wa kwanza ambao maji hayo huukuta ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na samaki wa hifadhi hiyo hawaonyeshi pasi.

Wanaouza samaki Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa sana juu ya gharama ya sumu. Mwaka 1999 ilibainika kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakimwaga viuatilifu majini ili wapate samaki kwa haraka. Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa ziwa hilo kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Walioadhibiwa hawakuwa waliomwaga sumu peke yao. Mvuvi aliyetumia wavu halali, dereva wa gari la barafu, mama muuza vichwa vya sangara, wenye viwanda, wote walikaa pamoja chini ya marufuku ileile. Tanzania ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Kenya ilisubiri hadi mwishoni mwa mwaka huo. Moja ya dawa zilizotajwa wakati ule ni endosulfani, ambayo mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani.

Pweza wa pwani ya kusini huuzwa Ulaya pia. Anayekusanya pweza kutoka madago ya Palma na kumwuzia wakala wa Mtwara yumo katika mnyororo wa namna hiyo, hata kama hajawahi kuona kiwanda.

Kutia sumu majini ili kuvua ni kosa kwa sheria za uvuvi za nchi zote mbili, na si jambo geni. Wazee wa pwani na bara waliujua utupa, mmea unaopondwa na kutiwa katika kidimbwi ili samaki walewe na kuelea. Utupa uliishia kidimbwini. Chupa ya kiuatilifu haiishii hapo.

Kwa upande wa kanuni, hali ni ya kuchanganya kwa anayebeba bidhaa. Tanzania na Msumbiji ziko pamoja SADC, lakini kila nchi husajili viuatilifu vyake. Upande wa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Msumbiji nayo, baada ya mapitio yaliyosaidiwa na FAO, ilifuta mwaka 2014 usajili wa makumi ya bidhaa zilizoonekana kuwa hatari kupita kiasi. Kwa hiyo chupa iliyonunuliwa kihalali kwenye duka la pembejeo Mtwara inaweza kuwa magendo ikifika Namoto, hata kama imelipiwa ushuru wa kila kitu kingine. Aliyenayo ndiye atakayeeleza.

Kibandiko cha chupa kina msaada zaidi ya unavyodhaniwa. Mstari wa rangi ulioko chini, mwekundu, wa njano, wa bluu au wa kijani, unaonyesha hatari kwa binadamu, na wengi wameshazoea kuusoma. Kosa ni kudhani kwamba rangi hiyo inazungumzia bahari. Lambda-sihalothrini kwa kawaida hupata njano, rangi ya katikati, wakati kwa samaki ni miongoni mwa sumu kali kabisa zilizoko dukani. Habari ya samaki iko kwenye picha ndogo ndani ya mstari huohuo: picha ya samaki. Ikiwapo, dawa hiyo haitakiwi kufika majini kwa namna yoyote, hata kwa kusuuza. Picha haina lugha, na hilo ni jema katika ukanda ambako kibandiko huandikwa Kireno au Kiingereza na mnunuzi anaelewa Kimwani na Kiswahili. Ila chupa inapomiminwa dukani katika vichupa vya soda ili iuzwe kwa kipimo, picha hubaki kwenye chupa kubwa. Anayemimina ni mfanyabiashara.

Juu ya yote haya kuna hofu ambayo imekaa mahali pasipo pake. Baada ya kimbunga Kenneth kupiga Cabo Delgado Aprili 25, 2019, kipindupindu kilizuka Pemba siku chache baadaye, na klorini ya kutia kwenye maji ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuhitajika. Katika pwani ya kaskazini mwa Msumbiji klorini ina historia ngumu. Mwanasosholojia Carlos Serra aliandika mwaka 2003 juu ya pwani ya Nampula, mkoa jirani, ambako watu waliwashambulia waliotia klorini visimani wakiamini kwamba ndio wanaoleta kipindupindu. Maneno mawili ya Kireno, cloro na cólera, yanakaribiana masikioni, na wageni waliofika na makopo baada ya ugonjwa kuanza walionekana kuwa ndio waliouleta. Uvumi wa aina hiyo umerudi kila ugonjwa uliporudi. Kwa hiyo kemikali ambayo ingewaokoa hupokewa kwa mawe, huku dumu la dawa ya mikorosho likiingia nyumbani kichwani mwa mtoto, limejaa maji ya kunywa.

Katika ngazi ya serikali karatasi zipo. Nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari ya upande huu wa Afrika, uliopitishwa mwaka 1985, na mwaka 2010 iliongezwa itifaki inayohusu hasa uchafu unaotoka nchi kavu. Itifaki haina afisa Kilambo. Kwenye ukingo wa mto wapo askari wa mpaka, wa uhamiaji na wa ushuru, na baada ya miaka ya vita macho yao yako kwenye silaha na watu, si kwenye sabuni. Macho ya dunia nayo yako Afungi, kwenye gesi.

Kinachobaki ni mambo madogo ambayo hayasubiri afisa. Kuuza dawa ndani ya chupa yake yenye kibandiko, hata kama kipimo kidogo kinauzika haraka. Kukataa kununua dumu lenye harufu au alama ya kiuatilifu, na kulitoboa la kwake mwenyewe. Kufua chandarua kwenye beseni na kumwaga maji yake kwenye shimo mbali na kisima. Na kuna oili chafu: mafundi wa pikipiki na wa injini za mashua humwaga pale walipofungulia, na wapo wanaopaka vyombo vyao nayo mahali pa sifa ya papa, au hata sehemu ya chini ambayo wazee waliipaka shahamu na chokaa. Wauza oili mpya wangeweza kuyapokea madumu ya oili ya zamani na kuyarudisha Mtwara, kwa kuwa gari linalokuja na mzigo mara nyingi hurudi na nafasi.

Kina mama wa Palma hawataacha kutanda kwa kuambiwa waache. Uduvi ni mboga ya siku hiyohiyo, na katika miaka ambayo mashamba hayakuwa salama kufikika, uwanda wa maji kupwa ulikuwa shamba lililobaki. Kipande cha wavu halali chenye matundu ya kutosha, kisicho na dawa, kinaweza kupakiwa pamoja na unga na sukari, na kingepata mnunuzi kama bei yake ingekaribia ya bure. Hapo ndipo pagumu, maana chandarua ni cha bure.

Huko Kilambo, kuvuka kunategemea maji. Yakiwa yamekupwa, michanga huinuka katikati ya mto na vyombo hukaa vikisubiri. Wapakiaji hukaa juu ya mizigo yao, magunia upande huu, madumu upande ule, na wanaotaka kunawa hushuka ukingoni na vipande vyao vya sabuni mpaka maji yajae tena.